Siku Niliyomzika Mwalimu Akiwa Amesimama

Mpaka leo nikipita soko la Kikula, hapa Likasi, hakosekani mtu wa kuniuliza, "Mwansa, leo unazika nani?", na wanaouliza si watoto tu, hata yule mama muuza karanga, ambaye siku yenyewe hakuwapo, amehadithiwa tu, naye ananiuliza huku akinipimia karanga zangu bila hata kunitazama. Kwa hiyo nimeona heri nisimulie mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa sababu wanaonisimulia wanaongeza chumvi (wapo wanaosema nililia, sikulia, lilikuwa vumbi).

Kwanza mumjue Mwalimu. Mwalimu Ilunga wa Kabamba alifundisha hesabu kwenye sekondari moja ya mtaa wa Panda, na nje ya hesabu alikuwa na kibanda cha bati juu ya kilima, nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa kampuni ya shaba, kibanda chenye paa la kufungua kama kifuniko cha sufuria, na ndani yake darubini ndefu kama bomba la maji. Darubini hiyo iliachwa na injinia mmoja mzungu aliyerudi kwao zamani, jina lake hakuna tena aliyelikumbuka, sisi tulimwita Bwana Darubini, basi. Kazi ya Mwalimu ilikuwa kufuatilia nyota ambazo mwanga wake unapanda na kushuka: anaandika leo imepungua kiasi gani, juma lijalo imeongezeka kiasi gani, daftari juu ya daftari, na daftari zikitosha anatunga makala, anaituma ng'ambo kwenye majarida ya wataalamu wa nyota, halafu anangoja. Baada ya miezi mingi jarida linaingia kwenye sanduku lake la posta na ndani kuna jina lake. Mtu wa Likasi, na moshi wa viwanda wote ule juu ya vichwa vyetu, anawaeleza watu wa ng'ambo habari za mbinguni!

Mimi nilikuwa mpiga mashine ya chapa katika ofisi ya zone, yaani serikali ya wilaya yetu. Shule iliniacha mwaka wa pili wa sekondari, lakini ndoto hazikuniacha, na nilikuwa nimeshaamua kwamba siku moja jina langu litachapwa kwenye kitu kitakachosomwa mbali, sijui kitu gani, ila mbali. Ndiyo maana Mwalimu aliponiomba nimpigie mashine karatasi zake nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Karatasi zenyewe hazikuwa za mchezo. Kamati ya wataalamu ilikuwa inakuja kutoka Lubumbashi, siku ya Jumamosi, kuamua kama darubini ibaki na Mwalimu au ipakiwe kwenye lori iende zake huko, na kibanda wapewe vijana wa Chama watunzie ngoma zao. Walichotaka kujua ni vitu viwili tu: Mwalimu ameandika makala ngapi, na je, kuna wataalamu wengine wanaozitumia, au anaandika tu na hakuna anayejali.

Akanipa orodha kwa mwandiko wake, makala tisa, majina ya makala na namba za majarida. Akanipa na ufunguo wa kasha la majarida, ili nihakikishe herufi za kizungu. Akanionyesha pia namna ya kuhesabu: mwisho wa kila makala wataalamu huorodhesha kazi walizozitegemea, na jina la mtu likionekana hapo, basi huyo ametajwa, na kadiri anavyotajwa ndivyo kazi yake inavyokuwa na uzito.

"Piga kama ilivyo, Mwansa," akasema. "Usiongeze, usipunguze."

(Maneno haya yako wazi. Hata leo nikiyasoma hivi sioni pa kujitetea.)

Alhamisi mchana nikafungua kasha. Makala ya tisa, nikaona Ilunga wa Kabamba, vizuri. Ya nane, ya saba, ya sita, ya tano, Ilunga, Ilunga, vizuri kabisa. Nikafungua ya nne: G. Hubert, Likasi. Nikadhani nimekosea jarida. Namba ni ileile. Ya tatu, G. Hubert. Ya pili, ya kwanza, Hubert na Hubert tena. Nikaenda kwenye zile orodha za mwisho, makala za Wabelgiji, za Wafaransa, za watu wenye majina ya kujaza mdomo, na kila mahali aliyetajwa ni Hubert, Hubert, Hubert, hata Mwalimu mwenyewe katika makala zake zote tano amemtaja Hubert wa kwanza kabisa. Na Ilunga wa Kabamba? Nilitafuta mpaka vidole vikawa vyeusi. Nilimpata mara moja.

Nikakaa juu ya lile kasha. Likasi hii, nikawaza, imewahi kuwa na mzungu mmoja tu wa kutazama nyota, na huyo ni Bwana Darubini. Basi Hubert ndiye Bwana Darubini. Na Mwalimu wangu, mtu asiyechukua hata chaki ya shule nyumbani kwake, amechukua makala nne za mzungu aliyeondoka akaziweka kwenye orodha yake.

Niseme ukweli, sikukasirika. Niliona huruma. Nikajiambia kwamba mtu akiwa peke yake kilimani miaka mingi, na hakuna anayemtaja, anaweza kushikwa na tamaa, na kama kamati itagundua atafukuzwa hata shule. Kwa hiyo nikafanya uamuzi mdogo tu, wa mstari mmoja wa wino: nikazifuta zile nne. Nikapiga mashine tano. Sikumwambia mtu, hata Mwalimu, kwa kuwa nilitaka asiaibike hata mbele yangu. Nikalala usingizi wa mtu mwema.

Jumamosi asubuhi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Walianza vijana wa Chama kwa ngoma na kucheza, kisha tukaitikia zile kelele za kuitikia, kisha Komisera, mkuu wa zone, akasimama ndani ya abakosti yake mpya, lile koti la kufunga shingo lisilotaka tai, akatangaza kwamba kazi za Mwalimu zitasomwa kama proklamasio. Hapo ndipo watu wakafurahi, maana proklamasio kila mzazi wa Likasi anaijua, ni ile siku ya mwisho wa mwaka shuleni, jina linasomwa, asilimia zinasomwa, aliyepita anapigiwa makofi na aliyeshindwa anatokea mlango wa nyuma. Na msomaji nilikuwa mimi, kwa sababu Jumapili ndimi nilisoma matangazo kanisani na sauti yangu inafika nje.

Mstari wa mbele walikaa wageni watatu wa kamati. Pembeni yao alikaa Mwalimu, na karibu naye mama yake mzazi, Nkambo Agata, bibi mdogo mkavu aliyefika asubuhi hiyo kutoka Kapolowe na kuku mmoja kwenye kikapu kwa ajili ya wageni. Mlangoni alisimama dereva wa lori, kamba begani.

Nikasoma makala ya kwanza, makofi. Ya pili, makofi. Ya tatu, makofi ya kawaida. Ya tano ilipigiwa na Nkambo na watu wachache wa karibu naye. Nikaona Mwalimu amenyoosha shingo kama mtu anayengoja basi ambalo limeshapita.

"Ni hizi tu?" akauliza Profesa, mkubwa wa kamati, mtu mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Ni hizi tu, Citoyen Profesa," nikajibu, maana miaka ile hakukuwa na Bwana, kila mtu alikuwa Citoyen, raia.

"Na ametajwa na wengine mara ngapi?"

"Mara moja," nikasema, kwa sauti yangu ileile ya kufika nje.

Nyuma kabisa kulikuwa na jirani yangu Kalenga, fundi baiskeli, mtu asiyeweza kunyamaza hata kwenye misa. "Moja juu ya ngapi?" akapaza sauti. "Moja juu ya kumi? Uyu anarudia mwaka!"

Ukumbi ukacheka. Dereva akaanza kuikunjua kamba yake.

Profesa hakucheka. Alifungua faili lake, akapekua, akasema, "Ni ajabu. Mtu tuliyetazamia kusikia habari zake ni mwingine. Wenzetu wote wanaoandika juu ya nyota hizi wanamtaja G. Hubert, wa hapahapa Likasi. Huyo Hubert ni nani? Yuko wapi?"

Mwalimu akafumbua mdomo. Akamtazama Komisera. Akaufunga.

Mimi nikaona, basi, amekamatwa, na sasa mambo mawili yanakwenda pamoja, jina lake na darubini yake. Na hapo (sijui ni shetani gani aliyenishika) nikaona njia ya kuviokoa vyote viwili kwa mara moja.

"Citoyen Profesa," nikasema, "Hubert alikuwa ule muzungu wa darubini. Alikufa."

"Alikufa?"

"Alikufa, kwa homa. Alikuwa anarudi kwabo, akafika Kapolowe, homa ikamushika. Na mbele ya kufa akamuita Mwalimu, akamushika mukono, akasema: Ilunga, darubini ni yako, usiache itoke Likasi."

Kimya kikaingia ukumbini, kimya kizuri, na mimi nikakipenda, na mtu akishapenda kimya cha namna hiyo hawezi kuacha. Nikaeleza ndevu zake nyekundu. Nikaeleza mvua iliyonyesha siku hiyo. Nikasema mimi mwenyewe nilikuwa mtoto, nilibeba ua. Mama mmoja nyuma akaanza kuvuta makamasi.

"Na alizikwa wapi?" Profesa akauliza kwa upole, kalamu mkononi. Karibu naye karani wa kamati alikuwa anaandika kila neno langu.

"Kapolowe misheni," nikasema. "Ku makaburi, karibu na ukuta."

"Nani?" akauliza Nkambo Agata.

Profesa akavua miwani. Akasema kwamba sayansi ya nyota imepoteza mtu bila hata kujua, na akaomba wote tusimame kimya dakika moja kwa heshima ya Hubert. Komisera akasimama, kwa hiyo tukasimama sote. Ngoma zikawekwa chini. Kalenga akavua kofia. Dereva akaweka kamba yake chini pia. Nikamwona Mwalimu naye anasimama, taratibu, mikono ubavuni, kichwa kimeinama, uso hauna kitu, kama mtu anayesikiliza mvua juu ya bati.

Aliyebaki amekaa ni Nkambo peke yake. Na katikati ya ile dakika, sauti yake nyembamba ikatoka.

"Weye mutoto. Makaburi ya Kapolowe minye najua yote, minye njo nafagia pale. Ule mufu yako unamuweka wapi?"

"Karibu na ukuta, Nkambo," nikasema kwa sauti ya chini.

"Karibu na ukuta ni pa Masista. Mwanaume hapana." Akainuka sasa, polepole, akashika kiti. "Na Hubert ni bwana yangu, alikufa zamani, eko kule juu ya njia, na musalaba yake. Na Gaston Hubert ni mutoto yangu, minye njo nilimuzala. Eko pale! Amesimama na bantu, analia kilio yake mwenyewe!"

Sina namna ya kuandika kelele zilizofuata. Watu walishikana mabega. Kalenga alikaa chini sakafuni. Mwalimu tu ndiye aliyebaki amesimama vilevile, maana, kama alivyonieleza baadaye, dakika ilikuwa haijaisha.

Komisera akapiga meza. Mkumbuke ilikuwa miaka ile ya kurudia majina ya mababu, majina ya ubatizo yalikatazwa mbele za watu (mimi mwenyewe nilikuwa Pascal, jina nikaliweka sandukuni pamoja na tai ya baba, maana tai nazo zilikatazwa), na tulishaona karani mmoja wa ofisi yetu anasimamishwa kazi kwa sababu ya saini yake ya zamani. Mimi nilifika kutoka Kambove baada ya hayo mabadiliko. Mwalimu sikuwahi kumsikia akiitwa vingine, na waliolijua jina lake la zamani waliogopa kulitaja. Ndiyo maana yeye mwenyewe alikuwa amefunga mdomo, na ndiyo maana kwenye orodha yake hakuandika mahali popote kwamba Hubert ni yeye.

"Nkambo," Komisera akasema kwa sauti ya kazi, "ile majina ya zamani tuliacha. Hapa ni mbele ya Chama."

Nkambo akamtazama kutoka viatuni kwenda juu. "Donatien," akasema, "minye nilikufundisha katekisimu, na ulikuwa unasinzia. Leo njo unanifundisha majina?"

Komisera akakohoa. Akatazama karatasi yake, upande ambao haukuandikwa kitu. Akasema, "Tuendelee na ajenda."

"Hubert ni minye, Citoyen Profesa," Mwalimu akasema hapo, kwa utulivu wa mtu anayeita majina darasani. "Ilikuwa jina ya baba. Nilibadilisha pamoja na bantu bote."

Profesa akavaa miwani yake, akachukua karatasi yangu. "Basi kazi zako za kwanza ziko wapi? Kwa nini hazimo?"

Mwalimu akaipokea karatasi, akahesabu kwa kidole, moja mpaka tano, kisha akaniangalia mimi. Angeweza kusema, na angekuwa na haki, lakini alinyamaza, na kule kunyamaza kwake ndiko kulikonisukuma.

"Minye nilizifuta," nikasema.

"Kwa nini?" Profesa akauliza.

Hapa ningetoa ndevu nyekundu nyingine, nilikuwa nazo, lakini zilikataa kutoka. "Nilizani Mwalimu aliziiba."

Kimya tena, na safari hii sikukipenda. Neno "aliziiba" lilikaa katikati ya ukumbi, mbele ya mama yake, mbele ya wanafunzi wake, mbele ya yule kuku kikapuni. Nilitamani zile ngoma zianze, nyumba ishike moto, chochote. Ni Kalenga aliyenitoa. "Aliiba kwake mwenyewe!" akapaza sauti kutoka sakafuni, "na mupolisi ni Mwansa!" Watu wakaanza upya, na nikaona pembe ya mdomo wa Mwalimu inacheza kidogo, kidogo sana.

Kamati haikuamini mama na mtoto kwa maneno matupu, na ni haki yao. Walipanda kilimani, sote nyuma yao, Nkambo ameshikwa mkono na Komisera, na Mwalimu akatoa daftari zake kuanzia ya kwanza. Profesa akaziweka mezani wazi, ya enzi ya Hubert na ya enzi ya Ilunga, akaangalia: tarakimu saba iliyokatwa kwa mstari katikati kwa namna ileile, nyota ileile, na pale jina lilipobadilika hakuna hata juma moja lililorukwa. Akazifunga. Akasoma makala nne nilizozifuta, yeye mwenyewe, kwa sauti, mlangoni pa kibanda, halafu akataja wote waliomtaja Hubert, na watu wakapiga makofi kwa kila jina la kigeni kama vile ni watoto wao wamepita.

"Distinksio!" akasema Kalenga, yaani amepita kwa alama za juu.

Dereva akakunja kamba. Lori liliondoka na kuku tu.

Ningependa mkasa uishie hapo, lakini karani wa kamati alikuwa mtu wa bidii. Kifo cha Hubert alikiandika vizuri kwenye ukurasa wa pili wa ripoti yake, na kufufuka kwake kwenye ukurasa wa tatu, na aliyetuma habari ng'ambo alisoma ukurasa wa pili akaona inatosha. Miezi kadhaa baadaye jarida likaingia kwenye sanduku la posta, na ndani, kwenye kisanduku chenye mstari mweusi pande zote: G. Hubert, wa Likasi, amefariki kwa homa, amezikwa Kapolowe. Hata mvua waliiweka.

Mwalimu alikuja nayo ofisini akaiweka juu ya mashine yangu. "Nimekufa muzuri," akasema. Kisha zikaja barua za rambirambi kutoka kwa watu ambao kwa miaka yote hawakuwahi kujibu barua zake, na kwenye majarida yaliyofuata nikahesabu mwenyewe (nilikuwa nimezoea sasa kuhesabu) na kuona kwamba Hubert anatajwa kuliko alipokuwa hai. Mwalimu alilipokea hilo kama anavyopokea mwanga wa nyota: akaliandika kwenye daftari, na tarehe.

Ila hakutaka mama yake aendelee kuletewa pole na watu wa misheni, kwa hiyo akaandika barua ya kusahihisha, kwamba Hubert na Ilunga wa Kabamba ni mtu mmoja, na yuko hai, na anaendelea na kazi. Niliipiga mashine mimi, neno kwa neno. Sikuongeza. Sikupunguza, ingawa mstari wa mwisho nilitamani sana kuupunguza.

Jarida lilipofika nilikwenda nalo peke yangu mpaka juu kilimani kabla ya kulifungua. Liko hapa mbele yangu ninapoandika. Chini kabisa ya barua, kwa herufi ndogo, panasema kwamba habari ya kifo ilitolewa na Citoyen Mwansa, mpiga mashine, Likasi.

Basi ndoto yangu ilitimia, jina langu limechapwa na linasomwa mbali. Orodha yangu mwenyewe nimeshaipiga mashine: makala, hakuna, ametajwa, mara moja. Sitaki ya pili. Na nimeapa kwamba sitazika tena mtu yeyote, mweusi au mweupe, kabla sijamwona amelala, na hata hapo nitamuuliza mama yake kwanza.